Mfereji Nyuma ya Nyumba ya Bi Tatu

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu tumepeana jioni nzima, na shikamoo zako nimezipokea mpaka zikanitia wasiwasi, maana mtoto anayemwamkia baba yake kila akipita mlangoni ana jambo. Jambo lenyewe nalijua. Unasubiri jibu.

Uliniambia wiki iliyopita, tumekaa uani tunamenya mihogo: “Baba, mlima nyuma ya nyumba umepasuka. Naomba uhame kabla ya masika, ukakae kwa mjomba Mkuyuni.” Nikakujibu kwamba uangalie maji ya ugali yasikauke, na moto wenyewe ulikuwa haujawashwa. Tangu siku hiyo hujasema tena na mimi sijasema. Kesho asubuhi unaondoka, na nikijaribu kuongea nawe uso kwa uso maneno yangu hugeuka ubishi, kwa hiyo nimechukua karatasi. Nitaiweka juu ya viatu vyako. Isome kabla bodaboda haijafika, kwa sababu mwishoni kuna ombi, na nataka unijibu ukiwa bado hapa.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kufunga mlango. Umekuwa mtu mzima, umeajiriwa, umepewa kijiji kizima cha pwani ukawe mtendaji wake. Hata barua yako ya ajira, nikuambie, niliichukua kimyakimya nikaipeleka kwa mwalimu mkuu aupige mhuri jicho, maana matapeli wa siku hizi wana mihuri mizuri kuliko ya kweli. Mwalimu akacheka, akasema ni halali kabisa. Nikampelekea na mwalimu wa pili. Ndivyo baba yako alivyo, na leo nataka nikueleze hali hiyo imenigharimu nini.

Nianze na kilichonijia kichwani uliposema nihame. Usinichukie. Nilidhani umetumwa. Mila yetu unaijua: ardhi ya huku juu inafuata ukoo wa kuukeni, na mimi nilikuja hapa kama mwanamume aliyemfuata mke. Nyumba nimeijenga kwa mikono yangu, migomba nimeipanda mimi, mdalasini nimeulea mimi, lakini udongo wenyewe ulikuwa wa mama yako, na tangu tumzike ni wako na wa wajomba zako. Hakuna aliyewahi kuniambia niondoke. Mjomba wako Kibwana anapanda huku kila Ijumaa, tunakunywa chai, ananiita shemeji kwa sauti ya upendo kabisa. Na mimi kila akiinuka kuaga namwangalia anaangalia wapi. Akiiangalia migomba, usiku huo silali.

Basi binti mwenye ardhi aliponiambia nihame, tena niende kwa mjomba huyo huyo, sikusikia habari ya ufa wala ya mvua. Nilisikia kikao. Niliwaona mmekaa bila mimi, mkakubaliana kwamba mzee aondolewe kwa heshima, na wewe kwa kuwa ndiye kipenzi chake ukapewa kazi ya kumwambia. Nimekaa na wazo hilo siku zote hizi. Nilikuona unanifulia mashati na kuyakunja vizuri, nikasema moyoni, huyu ananifungashia. Niliona uchungu, mwanangu, na niliona aibu kwa huo uchungu.

Shaka hii ina mahali ilipotoka. Nilipokuwa mdogo mama yangu alikuwa na shamba lake juu kabisa, karibu na msitu, kule ambako ukungu unakaa mpaka jua limekuwa kali. Walikuja watu na gari mpaka barabara ilipoishia, wakapanda kwa miguu, wakasema mteremko ule utaporomoka, tushuke kwa muda tu, mvua ikipita turudi. Mama akashuka na kuku wake na sufuria zake. Mvua ikapita, hakuna kilichoporomoka. Tuliporudi tulikuta miti imepakwa rangi nyekundu na shamba la mama limeangukia upande wa pili wa rangi. Sikuwahi kujua watu wale walitumwa na nani, wala hatukujua tumuulize nani. Mama alizeeka akikaa kizingitini huku chini na kutazama juu, na kila mgeni mwenye viatu vizuri aliyepita njiani alimwita mwizi, mara nyingine kwa sauti. Mimi nilikulia hapo pembeni yake. Ndiyo sababu sina kwetu pa kurudi, na ndiyo sababu mtu akiniambia “kwa muda” natazama kwanza viatu vyake.

Sasa habari ya pwani. Kimbunga unakijua, nimekisimulia mno, na kwenye kahawa sokoni Mkuyuni bado wananiomba nirudie pale mabati yanaporuka. Lakini huwa naanzia kwenye upepo. Leo nataka nianzie siku moja kabla, kwa sababu hiyo ndiyo inayoigusa kazi unayoiendea.

Wewe ulikuwa chuoni. Mimi nilikuwa kusini, kwenye kijiji cha wavuvi, nauza mdalasini na pilipili manga kwenye magulio, nimepanga chumba kwa Bi Tatu. Bi Tatu ni mjane, anakausha pweza na kuuza, ana ulimi mkali, na nyumba yake ukifungua mlango wa mbele unaona maji. Mchana mmoja ikapita bajaji yenye spika. Ndani yake alikuwa mtendaji wa kijiji, kijana mwembamba, sauti imeshamkauka. Kimbunga kinakuja, alisema, wakazi wote wa ufukweni wahamie shule ya msingi, kule juu barabarani, kwa muda.

Nilitoka nje nikatazama. Jua kali, bahari imelala, watoto wanaoga. Sisi watu wa mlimani mvua tunaiona ikija. Wingu linashika kilele, linateremka, kuku wanarudi ndani, ndipo unaanua mdalasini wako. Pale hapakuwa na wingu lolote. Nilichokiona mimi ni viwanja. Ufukwe mweupe, mzuri, na watu wake wanaambiwa waupishe. Na siku chache kabla ya hapo alikuwa amepita bwana mmoja wa kofia, ana futi ndefu ya kupimia, anapima na kuandika bila kumsalimia mtu.

“We Mluguru,” Bi Tatu akaniuliza, “waonaje? Twende tukalale juu ya madawati?”

“Bi Tatu, ukitoka hapa hurudi. Haya mambo nimeyaona kwetu.”

“Ndivyo ninavyosema na mimi. Tangu lini mtu akakimbia jua?”

Nikamweleza habari ya mama yangu na ile rangi nyekundu. Niliieleza vizuri, kwa uchungu, kwa sababu ni ya kweli. Majirani wakasimama kusikiliza. Mtendaji aliposhuka kwenye bajaji aje kutusihi, nikamuuliza mbele yao: “Kijana, hiki kiwanja umeshaahidiwa bei gani?” Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisema, “Shikamoo mzee wangu. Mimi nimeambiwa na mamlaka, nimewaletea kama nilivyoambiwa.” Jibu hilo likanithibitishia kila kitu, maana hata wale waliokuja kwa mama walisema wameambiwa.

Majirani, na kicheko chao hicho hicho, jioni walibeba mikeka wakaenda shuleni. Tukabaki sisi wawili.

Usidhani nilikaa mikono mitupu. Nilisema, hata kama ni uongo, mvua ikija kweli iikute nyumba ya watu imejiandaa. Nikaazima sululu na beleshi nikachimba mfereji. Mfereji wetu unaujua, umeuruka tangu ulipoanza kutembea: unakaa nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, unapokea maji yanayoshuka na kuyapeleka pembeni. Nilichimba huo huo nyuma ya nyumba ya Bi Tatu, upande wa nchi kavu, mrefu, wa kina cha kupita goti. Mchanga ni laini, kazi ilikwenda haraka. Nikapanga na magunia yangu ya mdalasini ndani, kwenye ukuta wa nyuma, yazuie maji. Bi Tatu akanisifu, akanipikia wali wa nazi. Nililala nikijiona mtu wa maana, wala haikunipitia akilini kwamba pale hakuna mlima.

Upepo ulianza alfajiri, na kulipokucha hakukuwa na asubuhi ya kueleweka. Huku kwetu upepo unapiga, unapumzika, unapiga tena. Ule haukupumzika. Minazi iliinama yote upande mmoja ikabaki hivyo, haiinuki. Nazi zilikuwa zinapiga paa na kila moja ilinifanya niiname. Mvua ilikuja kwa ubavu, inauma usoni, na ilikuwa na chumvi. Nilipoilamba midomoni nilidhani nimechanika. Bati la nyumba ya jirani liling’oka likapita mbele ya dirisha letu limesimama wima. Hilo ndilo bati la kwenye kahawa, nimeliongezea wenzake kadiri miaka ilivyokwenda.

Mimi nilikuwa nimesimama ukumbini, nimeugeukia mlango wa nyuma, nasubiri maji ya nyuma. Yakaja kutoka mbele. Kwanza yaliingia chini ya mlango, na povu, na mwani. Bi Tatu akasema, “Mluguru, hii bahari.” Nikamwambia hapana, ni mvua. Nilimbishia mwanamke aliyezaliwa pale, miguu yangu ikiwa ndani ya maji ya bahari. Wimbi la pili likauondoa mlango wote wa mbele, maji yakanifika mapajani, na magunia yangu yakaanza kuelea kumzunguka Bi Tatu.

Tulikimbilia nyuma. Nilitangulia nikimshika mkono. Nje huoni kitu, maji na mchanga na makuti ni kitu kimoja, na mfereji wangu umejaa umekuwa sawa na ardhi. Mimi niliuchimba, kwa hiyo mguu wangu uliukumbuka, nikaruka. Bi Tatu hakuruka. Nilisikia mfupa wake ukivunjika kabla sijamsikia akilia, hata katika upepo ule.

Aliyetukuta pale ni yule mtendaji. Aliwatazama watu shuleni akaona sisi hatupo, akarudi kwa miguu, kichwani amejifunika ndoo ya plastiki kwa kuogopa nazi. Ndoo, Mwanaidi. Hakunikumbusha neno lolote. Tuling’oa mlango wa nyuma, tukamlaza Bi Tatu juu yake, tukambeba kuelekea shuleni, tunaanguka na kuinuka. Na unajua nilikuwa nawaza nini njiani, nikiuangalia mgongo wa kijana yule? Nilikuwa nawaza, huyu baadaye atataka nini. Mtu ananitoa kwenye kifo na mimi namtilia shaka. Nakuandikia hili kwa sababu kwenye kahawa sijawahi kulisema, na kwa sababu utakutana nalo.

Upepo ulipotulia tulirudi kutazama. Nyumba ilikuwa imebaki ukuta mmoja na kizingiti. Ngalawa zilikuwa barabarani, moja imekaa juu ya kibanda cha mama lishe. Nyavu zilijisokota kwenye nguzo za umeme zilizoanguka. Watoto waliokota samaki kwenye kiwanja cha mpira, wakafurahi, wao tu ndio waliofurahi. Kisima kiliingia chumvi, na watu wakanywa maji ya kununua kwa muda mrefu sana. Mzee mmoja alikuwa anapita kwenye minazi iliyolala, anaishika mmoja mmoja na kuutajia jina la aliyeupanda, baba yake, babu yake, shangazi yake. Nilishindwa kumsalimia. Nilijiona kama niliyeiangusha mimi.

Yule bwana wa kofia naye alirudi. Akapima pale palipokuwa na nyumba. Akasema anapima hasara ili watu wasaidiwe. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli. Msaada ulikuja, mabati na mablanketi, si mwingi. Kiwanja hakikuchukuliwa, na Bi Tatu amejenga tena, amesogea ndani kidogo. Lakini nikimkumbuka bwana yule bado simwamini, na sitaki nikudanganye kwamba bahari iliniponya tabia yangu.

Bi Tatu anachechemea mpaka leo. Sikukuu hupigiana simu, unatusikia. Iddi iliyopita nikamwomba radhi tena, akanikatisha.

“We Mluguru, wajitwisha makubwa. Sikukaa kwa maneno yako mie. Nilikuwa sitaki kuiacha nyumba yangu, nikatafuta mtu wa kunipa sababu, wewe ukawa karibu. Hata ungeniambia kule shuleni kuna jini ningekaa.”

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaendelea: “Ila yule mtoto wa watu, lau angekuja akanishika mkono, akasema mbele ya majirani, Bi Tatu, nyumba ni yako na mimi mwenyewe nitakurudisha, ningekwenda. Ningekwenda nalia, lakini ningekwenda. Alinisomea tangazo.”

Tangu siku hiyo nayageuzageuza kichwani maneno yake. Sasa kwenye bajaji utakaa wewe. Siku moja utaambiwa kimbunga kinakuja, utatoka nje, na jua litakuwa kali. Kwenye kibaraza fulani kutakuwa na mzee wa aina yangu, atakuuliza bei ya kiwanja mbele za watu, na watu watacheka. Utatamani kumkasirikia. Mzee huyo anakujibu kwa jambo la kweli lililompata mahali pengine, na wewe hulijui. Usimwambie umeambiwa na mamlaka. Kama kuna nafasi ya kukaa chini, kaa, umuulize nani alimhamisha zamani. Halafu mwambie nyumba ni yake, mwambie wakisikia wengine, na kwamba utamrudisha wewe. Kisha umrudishe kweli. Na tafadhali, siku hiyo usitembee na mtu mwenye futi.

Kuhusu ufa. Leo alasiri ulipokwenda kumuaga mama yako kaburini, nilipanda na jembe mpaka juu, kupita migomba. Nilikwenda nikitaka nikukute mwongo. Ufa upo. Niliingiza mpini wa jembe ukazama wote, na mgomba wa pembeni umeanza kuinama, mizizi iko nje. Hata hivyo nilisimama pale nikajiambia kwamba ufa unaweza kukaa hivyo mpaka nife, na huenda ni kweli. Mteremko wa mama yangu haujaanguka mpaka leo. Lakini mvua inayotupiga huku inatoka huko huko unakokwenda, na mwaka ambao bahari imechafuka, sisi huku huwa hatulali. Sijui. Nimefika umri huu na bado sijui ni “hama” ipi ya kutii na ipi ya kukataa. Mara moja tulitii tukapoteza shamba, mara moja nilikataa nikamvunja mtu mguu, na zote mbili tulikuwa na uhakika ule ule.

Kwa hiyo ufa wenyewe haujanishawishi. Kilichonishawishi ni yule mzee wa kibarazani. Akimaliza kukuuliza bei ya kiwanja atakuuliza na hili: na baba yako mzazi, yeye amekusikiliza? Nimejaribu kukuona unamjibu nini. Nimekuona unainamisha uso, na moyo wangu umekataa.

Ombi langu ni hili. Mjomba wako Kibwana atakuja asubuhi kukusindikiza. Kabla hujapanda bodaboda simama pale uani, yeye akisikia, na majirani wakisikia, useme kwa sauti: Baba, nyumba ni yako, mvua ikiisha utarudi. Useme wewe mwenye ardhi. Najua utaona ni utoto. Najua pia mlima hauchukui amri kwako, na pengine mvua ikiisha hapatakuwa na nyumba ya kurudia. Sema tu, mwanangu. Ukishasema nitatoka nimebeba nguo zangu, tutashuka wote mpaka Mkuyuni, wewe uendelee Msamvu kupanda gari la kusini, mimi nibaki kwa mjomba wako.

Siahidi kwamba nitakuwa nimekuamini. Njia nzima nitakuwa namwangalia Kibwana anaangalia wapi, na nikifika kwake nitauliza mambo yatakayomuudhi. Nitakushuku hata wewe, nikikumbuka ulivyoyakunja yale mashati. Ndivyo nilivyo, na sidhani kama nitabadilika sasa. Ila nitakushuku nikiwa nimeshatoka.

Baba yako